Saa Moja ya Wito Namba Tisini na Tatu

Naitwa Zuhra, na kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu. Naisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa sababu ya wema. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitenge hapa Kasulu mjini, na tuko watatu: Nurudini, bosi wetu, ambaye ni binamu yangu na hanionei huruma hata kidogo, Pasikali, anayeandika programu, na mimi, ninayezijaribu mpaka zivunjike. Yeye anajenga, mimi nabomoa. Tumegombana karibu kila wiki kwa miaka minne, na kama kuna mtu ninayempenda hapa Kasulu kama ndugu wa tumbo moja, ni huyo Pasikali.

Ni mtu wa Munanila, kule juu ambako ukitoka nje kupiga mswaki unaiona Burundi. Zamani alikuwa na maneno mengi. Testi zake zikifaulu alikuwa anapiga meza na kuniimbia wimbo wa kunikejeli aliotunga mwenyewe, nami namrushia kifuniko cha kalamu. Hayo yaliisha siku mkewe Rosa alipofariki. Tangu hapo neno lake limekuwa moja tu: sawa. Pasikali, umekula? Sawa. Pasikali, mvua inakulowesha dirishani hapo. Sawa. Nikimletea samaki wa migebuka anakula, nikimletea maandazi ya jana anakula. Siku moja, kwa hasira tu, nilimwekea chumvi kwenye chai nione kama atanitukana. Alikunywa mpaka mwisho, akasema ahsante dada. Nilikwenda chooni nikalia.

Kazi tuliyokuwa nayo ni mfumo wa kuita gari la wagonjwa. Mradi mmoja ulitupa kazi hiyo kwa ajili ya vijiji vya huku milimani. Katika kila kitongoji mhudumu wa afya ana simu ya mradi. Mama akishikwa na uchungu, mhudumu anabonyeza kitufe, ujumbe unakuja kwenye seva yetu, na simu ya dereva inalia. Dereva akifika anabonyeza cha kwake. Wakifika hospitali kinabonyezwa cha tatu. Kila kibonyezo kinakuja na saa yake, na mwisho wa mwezi mfumo unatoa ripoti: nani aliitwa saa ngapi, alifika saa ngapi, na safu moja ya pembeni inayoitwa wito wa bure, yaani gari limekwenda na kurudi tupu. Ripoti hiyo yote aliitengeneza Pasikali, na niseme ukweli, ilikuwa nzuri.

Rosa alishikwa na uchungu asubuhi, miezi kumi na moja iliyopita, nyumbani kwao Munanila. Pasikali alikuwa huko huko, likizo. Mfumo uliandika kwamba gari liliitwa saa mbili na dakika mbili na likafika saa tatu na dakika hamsini. Saa moja na dakika arobaini na nane, kwa njia ambayo madereva wengine huimaliza chini ya saa moja. Rosa alikufa njiani, mtoto akiwa tumboni. Hospitali walisema wangefika saa moja mapema, pengine zingekuwa habari nyingine.

Dereva alikuwa mzee mmoja wa Kitanga anayeitwa Sylvesta. Aliitwa kwenye kamati ya mradi akasema hakusimama mahali popote. Nani wa kumwamini? Mfumo ulikuwa umeandika. Wakamwondoa kwenye gari. Wiki iliyofuata nilikutana naye sokoni, akanisalimia, nami nikamwambia mbele ya wauza ndizi wote kwamba salamu yake akampe Rosa kaburini. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na wakati ule nilijiona nimemtendea haki rafiki yangu.

Mwezi uliopita mradi ukasema mfumo uende hadi Kibondo pia. Nurudini akafurahi, akaahidi utakuwa tayari Ijumaa bila kutuuliza. Mimi nikasema hauendi popote mpaka tuufanyie testi za pamoja. Testi ndogo ndogo tulikuwa nazo, kila kipande kikijaribiwa peke yake, na zote zilikuwa kijani, yaani zimefaulu. Testi ya pamoja ni jambo jingine. Unaunganisha vyote, simu, seva, hifadhi ya kumbukumbu na ripoti, unapitisha wito kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo unaona kama hawa wanaojidai wazima kila mmoja kwao wanaweza kukaa nyumba moja.

Nikaomba miito yetu yote ya zamani ipitishwe upya, bila majina, kwa namba tu. Ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Nikaongeza masharti yangu, na moja lilikuwa la kijinga kabisa: gari haliwezi kufika kabla halijaitwa. Nililiandika kwa utani.

Saba zikawa nyekundu. Saba nzima! Gari limefika dakika kumi na mbili kabla ya kuitwa. Gari limefika dakika ishirini kabla. Nurudini akaja akatazama skrini, akasema, "Ziruke hizo saba, Zuhra. Mia mbili na tano zimefaulu, mnataka nini tena?"

"Nataka gari linaloitwa kwanza ndipo lije," nikamwambia. "Au huko Kibondo tutawapelekea malaika?"

Akashuka chini huku akisema mimi ndiye nitakayemtia kisukari. Pasikali akavuta kiti.

Aliitafuta sababu siku tatu. Nilimtazama akifanya kazi na nikaogopa, maana hakuonyesha kukasirika, hakukuna kichwa, hakusema hata "aisee". Kwanza alidhani testi zinachafuana, moja inaacha takataka na nyingine inaokota, kwa hiyo akafuta kila kitu na kuzipitisha moja moja. Bado nyekundu. Akadhani ujumbe unapishana njiani, wa pili unatangulia wa kwanza. Akapanga foleni upya. Bado nyekundu. Akatazama saa ya seva. Ilikuwa sahihi, lakini haikutusaidia, kwa sababu saa tunayoandika ni ya simu. Hilo aliliamua yeye tangu mwanzo, na kwa sababu nzuri: mtandao wa milimani hukatika, ujumbe unaweza kukaa kwenye simu nusu siku ndipo ufike, kwa hiyo simu ndiyo inayojua kitufe kilibonyezwa lini.

Siku ya tatu, Jumatano, akazipanga zile saba kwa vitongoji. Zote zilikuwa za mpakani. Akaongeza saa moja kwenye muda wa kufika kwa gari, na zote saba zikawa na maana. Kamili, saa moja, si dakika moja zaidi wala pungufu.

Kisha akasema, kama mtu anayesoma bei ya sabuni, "Ni saa ya ng'ambo."

"Saa ya nini?"

"Burundi wako nyuma yetu saa moja. Kwetu kuna mahali ukisimama upande huu wa nyumba, simu inashika mnara wetu. Ukizunguka jikoni inashika mnara wao, na saa inarudi nyuma yenyewe. Simu inatutumia saa inayoiona, haisemi ni ya nchi gani. Mimi nikaandika kila saa ihesabiwe ya Tanzania."

Nikamtazama. Hasira ikanipanda. "Pasikali, wewe si ndiye mtu wa Munanila? Ningekuwa mimi, mtoto wa mjini, sawa. Lakini wewe!"

"Ndiyo maana, dada," akasema. "Kule kwetu si habari. Ukinunua simu, jambo la kwanza unazima saa ya kujirekebisha, unaiweka kwa mkono. Mama yangu hajui kusoma lakini hilo anajua. Sikuwahi kufikiri kama ni tatizo. Simu za mradi zilitoka Dar kwenye maboksi, na mimi ndiye niliyesema wahudumu wafungiwe mipangilio, wasiiguse wakaiharibu."

Wahudumu walitii. Wote wa mpakani walijua zile simu zinadanganya saa, hakuna aliyetuambia, kwa sababu walidhani sisi wenye mfumo tunajua.

Kila ujumbe ulikuwa umebeba pia namba ya mtandao ulioshikwa na simu. Mia sita na arobaini ni sisi, mia sita arobaini na mbili ni Burundi. Tulikuwa tumehifadhi namba hizo tangu mwanzo bila kuzitumia. Kurekebisha kulimchukua nusu saa, mistari michache tu. Alhamisi asubuhi tukapitisha testi zote. Kijani, mpaka chini. Nurudini akanunua soda tatu, akampigia mtu wa Kibondo simu akicheka.

Mimi ningeishia hapo, na nadhani watu wengi wangeishia hapo. Mfumo umepona, mbele ni salama, soda imeletwa. Pasikali hakugusa yake. Akaandika kipande kingine kidogo, cha kurudi nyuma kwenye miito yote mia mbili na kumi na mbili, kusoma namba ya mtandao na kusahihisha saa iliyoandikwa.

"Ya nini?" Nurudini akauliza. "Ripoti hizo zilishapelekwa. Zimeshasomwa."

"Sawa," Pasikali akasema, akabonyeza.

Miito thelathini na mmoja ilibadilika. Saba tuliijua. Mingine ishirini na nne haikuwa imeleta nyekundu, kwa sababu pale ilikuwa ni simu ya mhudumu iliyoshika Burundi na si ya dereva. Gari halikuonekana limefika kabla ya kuitwa. Lilionekana limechelewa tu, na hatukuwa na testi inayokataa gari kuchelewa. Magari huchelewa. Orodha ikashuka kwenye skrini nami nikaisoma nikiwa nimesimama nyuma yake na chupa mkononi, mpaka nikafika kwenye wito namba tisini na tatu. Tarehe hiyo naijua. Wito uliokuwa saa mbili na dakika mbili sasa ulisomeka saa tatu na dakika mbili. Kufika kwa gari, saa tatu na dakika hamsini, hakukubadilika.

Dakika arobaini na nane. Mzee Sylvesta alikuwa amewahi kuliko dereva yeyote aliyewahi kupanda mlima ule.

Nikakumbuka wauza ndizi, nikasikia aibu mpaka masikioni. Ilinichukua muda kidogo kuliona la pili. Akimana, mhudumu wa kitongoji chao, mwanamke asiyejua kusema uongo hata wa harusini, alikuwa ameeleza kwenye kamati kwamba Pasikali alikuja mbio kumwita na alibonyeza pale pale mlangoni. Na kila mtu wa kitongoji alijua kwamba Rosa alianza kulia saa mbili.

"Pasikali," nikasema. "Saa mbili mpaka saa tatu mlikuwa mnafanya nini?"

Nurudini aliacha kucheka na simu. Pasikali hakugeuka, aliongea na skrini.

"Rosa alisema niite gari. Nikamwambia tusubiri. Wiki mbili nyuma tuliita, likaja, maumivu yakapoa, likarudi tupu. Ikaandikwa kwenye ripoti, Munanila, wito wa bure, mmoja. Ile safu niliitengeneza mimi. Nikaona haya, nyumba yangu mimi iandikwe mara ya pili. Nikamwambia, mke wangu, tuhakikishe kwanza. Tukahakikisha saa nzima."

"Na kamati walipokuuliza?"

"Simu yangu ilisema saa tatu. Nilijua ni saa tatu. Waliponiuliza niliita saa ngapi, nikasema angalieni mfumo. Wakaangalia, wakasema saa mbili." "Nikapumua, dada. Mke wangu yuko mochwari, nami nikapumua."

Nilitaka kumpiga kofi. Pia nilitaka kumshika kichwa nimweke kifuani. Sikufanya lolote, nilisimama tu na soda yangu. Miezi kumi na moja nilikuwa namhurumia mtu kwa msiba, kumbe ndani ya msiba alikuwa amefungia kitu kingine, na huenda kuacha kusikia ladha ya chumvi kulikuwa nafuu kwake.

Akaandika barua kwa kamati, mistari sita. Aliandika saa ya kweli, aliandika jina la dereva, na aliandika kwamba aliyechelewa kuita ni yeye na kwamba alijua. Nurudini akaisoma akasema ikienda vile, Kibondo huenda wakatukataa, si bora tuandike kosa la kitaalamu tu, yale mengine ni mambo ya nyumbani? Pasikali akasema, "Sawa, bosi," na akaituma kama ilivyo.

Ijumaa asubuhi alinikuta mlangoni kwake nimeshajifunga mtandio. Nilimwambia haendi Kitanga kwa mzee Sylvesta peke yake, maana na mimi nina deni la salamu. Tukaenda kwa pikipiki yake.

Mzee Sylvesta alikuwa kando ya kijito anapiga matofali ya kuchoma ya mtu fulani anayejenga. Suruali imekunjwa, udongo mpaka kwenye magoti. Matofali mabichi yalikuwa yamepangwa safu ndefu juani, mazuri, yamenyooka.

"Mwakeye, mzee," Pasikali akamwamkia kwa Kiha. Nami nikasema shikamoo. Marahaba yake ilichelewa, lakini ilikuja.

Nilianza mimi, kwa sababu nilijua nikingoja nitashindwa. Nikamwambia yale maneno ya sokoni yalikuwa ya mpumbavu na nimekuja kuyaomba radhi. Akasema, "Sawa, binti," bila kuacha kukanda udongo. Ndipo Pasikali akaeleza. Alieleza vizuri, mnara, saa, namba za mitandao, akafika kwenye dakika arobaini na nane, akafika kwenye kusubiri, akafika kwenye kunyamaza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya bei ya sabuni. Mzee akaacha kukanda.

"Kwa hiyo sikusimama mahali," akasema.

"Hukusimama, mzee."

"Nilisema mara tatu pale kwenye kamati. Mkasema mfumo." Alijifuta mikono kwenye suruali, haikutakata. "Basi nikarudi nyumbani nikaanza kuitafuta ile saa. Nikasema labda nilisinzia kwenye usukani. Labda nilisimama kunywa maji nimesahau. Nimeipita ile njia kwa mguu, kijana, naangalia wapi panaweza kumeza saa nzima. Mama watoto akaniuliza, baba fulani, siku ile ulikuwa kwa nani? Miaka thelathini ya ndoa, ananiuliza nilikuwa kwa nani! Nikashindwa kumjibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kutojua."

Pasikali alikuwa anatazama chini.

"Pasaka ikafika. Nikaingia kwa padri nikaungama. Nikamwambia nilichelewa, mama wa watu akafa na mtoto wake, na sijui nilikuwa wapi. Akanipa malipizi, sala za kulipia dhambi. Nikayafanya yote." Akamsogelea Pasikali. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kitubio siyajui, lakini nilimwona yule mzee usoni na nikaelewa alichofanyiwa. "Sasa niambie wewe mwenye mfumo. Nilikwenda kuungama dhambi ya nani?"

"Yangu," Pasikali akasema.

Lilikuwa neno moja, na halikutoka na ile sauti. Lilitoka limepasuka. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Akalia kwa kelele, mdomo wazi, akimwita Rosa, kama alivyopaswa kulia siku ya mazishi. Nilisogea nimshike, mzee Sylvesta akanizuia kwa mkono wake wa udongo. Hakusema amesamehe. Alisimama tu akamngoja, muda mrefu, mpaka kilio kikawa kwikwi na kwikwi zikaanza kupishana na pumzi.

Kisha akamwambia anyanyuke, maana amekalia matofali ya watu na bado ni mabichi.